Masika ya Jina la Baba

Novemba 4

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana bila kubisha hodi. Tulikimbia kuanua majani ya mkadi tuliyokuwa tumeyatandaza ufukweni yapauke. Nimeandika "tulikimbia", aliyekimbia ni mimi. Shangazi Masina alibaki ukingoni mwa nyumba, miguu imemvimba, akitoa amri.

"Yale ya kule, Fuatino. Yakilowa yale tutasukia nini, nywele zangu?"

Mengi yamepona. Yaliyolowa nimewapa watoto wa jirani wachezee.

Novemba 9

Kaka yangu Alapati amepiga simu kutoka Auckland. Anakuja Desemba. Alitaka kujua kama tumeshaweka choo cha kukalia.

Novemba 17, Jumapili

Mchungaji ametangaza kanisani kwamba mwana wa marehemu Seumanuvai anarudi kuvikwa jina la baba yake. Baada ya ibada wanawake wakanizunguka. Hongera, Fuatino, kaka anarudi. Hongera, nyumba imepata mwenyewe. Nikasema asante, asante, huku nikijiuliza mimi niliyekuwa ndani ya nyumba hiyo muda wote huo nilikuwa nani.

Baba alikuwa Seumanuvai muda mrefu hata watu walisahau jina alilozaliwa nalo. Jina ni la ukoo, si la mtu. Anayelibeba ndiye matai wetu, ndiye anayekaa barazani kwa niaba yetu na kuamua juu ya ardhi yetu. Akifa, jina hubaki wazi mpaka ukoo ukubaliane nani alichukue. Baba alifariki Agosti. Septemba ukoo ukakutana, Alapati mwenyewe akiwa ndani ya simu iliyowekwa mkekani katikati ya wazee kama bakuli la kava, kinywaji chetu cha vikao. Baba mdogo Faalogo, msemaji wetu, akasimama na fimbo yake akasema maneno ambayo husema kila kikao: njia ya kufikia mamlaka ni utumishi. Wote wakaitikia. Kisha wakampa jina mtu wa kwenye simu.

Mimi nilikuwa nyuma napanga vikombe. Nilirudi hapa nilipofiwa na mume, nikamkuta baba ameshaanguka, amepooza upande mmoja. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza asipate vidonda. Kijijini kwetu Fagaloto mwanamke hapewi jina. Silalamiki, naandika tu.

La, nalalamika.

Novemba 26

Mvua kutwa. Nimesuka upana wa kiganja. Macho yanauma.

Novemba 30

Shangazi anasema mkeka hautakamilika kabla ya sherehe. Nami naliona hilo. Tulianza baba akiwa hai, nyuzi nyembamba kama alivyofundishwa Shangazi na mama yake, mkeka ambao ukiukunja unalegea kama kitambaa. Huu haulaliwi. Hutolewa siku ya jina, siku ya harusi, siku ya msiba, na ukishatoka haurudi.

"Tukipanua nyuzi kidogo?" nikauliza.

"Panua," akasema. "Halafu ukimaliza, nifunikie mimi kaburini, maana nitakuwa nimekufa kwa aibu."

Hatukupanua.

Desemba 7

Alapati amefika. Amenenepa, amenyoa kipara, anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba ambayo haina kuta wala taa. Amekuja na mgeni, mzungu mrefu anayeitwa Graham, mwenye mahoteli. Alimkumbatia Shangazi akalia. Nami alinikumbatia. Halafu akatoa simu akapiga picha tanuri la mawe, nguruwe, mshelisheli, na mimi nikipalia moto.

"Dada, tabasamu basi."

"Moshi, kaka."

"Hivyo hivyo, endelea na moshi. Ndiyo hali halisi."

Desemba 10

Amemzungusha Graham wilaya nzima, kijiji kwa kijiji, mpaka kule miamba inakotema maji. Wamerudi wamelowa. Wakati wa chakula akawa anamweleza mgeni mila zetu, mimi nimekaa pembeni napunga nzi kwa upepeo.

"Kwetu," akasema, "dada ni kitu kitakatifu. Dada ni agano. Kaka anaweza kufa kwa ajili ya dada yake. Dada ndiye mboni ya jicho."

Graham akanitazama kwa heshima kubwa. Nikaendelea kupunga nzi wasitue kwenye sahani ya agano mwenzangu.

Desemba 13

Leo amegundua mkeka haujaisha.

"Hakuna shida," akasema. "Nitanunua mmoja sokoni Apia. Mkubwa zaidi. Nani atakayehesabu nyuzi?"

Shangazi alijilaza na kugeukia baharini, na chakula cha jioni hakukigusa.

Desemba 16

Lazima niandike na haya, nisije nikajidanganya baadaye. Tangi la maji lilikuwa linavuja tangu baba alipoanguka. Alapati amepanda juu kwenye mvua tangu asubuhi akaliziba. Alipoteleza akaning'inia kwa mkono mmoja, Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shuka, mheshimiwa mtarajiwa, kabla hatujakupa jina la maiti."

"Shangazi, nikianguka nitakuangukia wewe. Ndiwe laini."

Akashuka, akamkanda miguu kwa mafuta ya nazi bila kuombwa. Ni hivyo hivyo alivyokuwa utotoni. Nilikuwa nimesahau.

Desemba 22, Jumapili

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Leo mwili wote unaniuma lakini nataka kuandika.

Mvua ilikatika alfajiri, wazee wakasema baba ameiomba. Wilaya yote ilikuja. Maboksi ya samaki wa kopo yalipangwa kama ukuta, nguruwe wamelazwa kwenye majani ya mnazi, magimbi ya kulisha jeshi. Mkeka wa Apia ulitandazwa mbele ya watu, wanawake wakashangilia kama inavyopasa, lakini niliwaona wa Matautea wakiupapasa na kutazamana. Kijiji cha jirani hakifichwi kitu.

Alapati alikaa ameegemea nguzo ya baba. Kifua wazi, amepakwa mafuta, mkufu wa mbegu nyekundu shingoni. Sikujua kwamba wamefanana kiasi kile. Mwita vikombe alipoita kwa mara ya kwanza, "Kava ya Seumanuvai," na yeye akainua mkono, Shangazi alinishika goti akalifinya mpaka leo pana alama. Alapati akamwaga tone kwa ajili ya Mungu, akanywa.

Kisha akasema. Kisamoa chake kimepata kutu, ila alisema taratibu na watu wakanyamaza. Alisema, "Nilikuwa mgeni nyumbani kwangu. Wengine walitumika wakati mimi nimelala mbali. Dada yangu Fuatino alibeba mzigo ambao ulikuwa wangu. Kuanzia leo siondoki tena. Nitakaa hapa, na mtakapokuwa na jambo, mimi ndiye nitakayekuwa mbele."

Alinitaja mbele ya wilaya nzima. Hakuna aliyewahi kunitaja. Nililia, tena si kidogo. Kinyongo nilichokaa nacho tangu Septemba kikanitoka, nikajiona mpumbavu kwa kukibeba.

Desemba 25

Alapati alitaka kupika tanuri la Krismasi mwenyewe. Nguruwe ameungua nje, mbichi ndani. Tulikula majani ya magimbi kwa tui na kucheka. Graham alikula nguruwe kwa adabu na sasa anaumwa tumbo.

Januari 1

Mvua. Kanisa. Mvua.

Januari 4

Wamepiga vigingi ufukweni. Nilidhani ni watu wa serikali. Nikamfuata Alapati pale alipokuwa ameshika kamba na Graham.

"Vya nini hivi?"

"Vibanda vya wageni, dada. Graham anakodi kipande hiki chote mpaka kwenye mkondo. Watu wa mbali watakuja kuona wilaya yetu, mila zetu. Wewe utakuwa unawaonyesha kusuka."

"Hapo ndipo tunapoanika mkadi. Na kile kigingi kiko hatua chache kutoka kaburi la baba."

"Kaburi litabaki. Wageni wanapenda makaburi ya mbele ya nyumba."

"Ukoo umekubali?"

Alivua ile miwani, mara ya kwanza mchana. "Fuatino, wewe ni dada yangu nakuheshimu. Lakini mwenye jina ni nani hapa?"

Nikarudi jikoni. Wakati wa sala alinishika mkono kama kawaida, nikauacha ushikwe.

Januari 7

Redio inasema kimbunga kinajikusanya kaskazini. Bahari ina rangi ya chai. Tumefunga mapazia ya minazi pande zote, tunasukia gizani.

Januari 8

Kimbunga kimekwenda kwingine. Mkeka umekwisha. Shangazi aliusuka mstari wa mwisho mwenyewe, akaufunga manyoya mekundu pembeni, akaunusa. Usiku mzima nilimsikia akiimba pole pole.

Januari 10

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama yalivyofuatana.

Jana alasiri Alapati na Graham walikwenda bandarini Salelologa kumaliza mambo yao ya mkataba. Wakarudi jioni. Barabara inapita katikati ya Matautea. Kule, kama kwetu, baragumu likipigwa jioni kila mtu anaingia ndani kwa sala, na vijana wa kijiji husimama kandokando ya barabara kusimamisha magari mpaka sala iishe. Hata gari la waziri husimama. Kila mtoto wa kisiwa hiki anajua.

Baragumu lilikuwa limeshalia mara mbili. Kijana mmoja akanyoosha mkono barabarani. Alapati akapiga honi. Graham mwenyewe aliniambia, kikombe cha chai kinamgonga meno: "Nilimwambia asimame. Akasema, hawa wananijua, mimi ni Seumanuvai." Akakanyaga mafuta. Lanuola, binti wa Sinapati wa kijiji kile, alikuwa anakatiza barabara akikimbia awahi sala, Biblia kwapani. Alifia palepale. Alikuwa kidato cha tano. Nilimfundisha kusoma alipokuwa mdogo, nilipokuwa bado mwalimu. Alikuwa hawezi kukaa kimya na alikuwa na mwandiko mbaya.

Alapati hakusimama hata baada ya hapo. Alikuja moja kwa moja mpaka nyumbani, kioo kimepasuka. Akasema binti alijitupa. Akarudia, alijitupa, alijitupa, mpaka Shangazi akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Usiseme neno jingine kuhusu mtoto wa watu."

Baba mdogo Faalogo akaja na wazee wa ukoo. Hakukuwa na mjadala. Damu ikimwagika, mwenye jina huenda kuinama. Ndiyo ifoga, na hakuna asiyeijua. Kabla ya jua anakwenda mbele ya nyumba ya wafiwa, anapiga magoti chini, anafunikwa mkeka ulio bora kuliko yote, na anasubiri. Wakitaka watamuua. Wakitaka watatoka waondoe mkeka. Asipokwenda, vijana wa kule watakuja huku, na hakuna atakayewalaumu.

"Utakuwa mbele, Seumanuvai," Faalogo akamwambia. "Sisi tutakuwa nyuma yako."

"Ndiyo," akasema. "Bila shaka, baba mdogo. Nitakuwa mbele."

Akaniomba maji. Nikampa. Akanywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

Jogoo wa kwanza alipowika nikaenda kumwamsha. Chandarua kilikuwa kimeshushwa vizuri, kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Nikaita mara kadhaa, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Nilipokiinua hapakuwa na mtu. Sanduku halikuwepo. Graham naye hayupo. Jirani alisema ameona taksi. Feri ya kwanza huondoka kabla hakujapambazuka.

Faalogo alikaa chini kwenye kokoto na fimbo yake, akawa mzee mbele ya macho yangu.

"Imekwisha," akasema. "Kwenda bila mwenye jina ni kuwatukana mara ya pili."

"Na kutokwenda?" nikauliza.

"Tutasema anaumwa," mmoja wa wazee akasema. "Shinikizo la damu. Limempanda."

Ndipo Shangazi Masina alipotoka ndani akiburuta mkeka. Hajatembea bila kushikwa tangu mwaka juzi.

"Mnasubiri jua lichomoze ndipo mkubaliane?" akasema. "Nyie wanaume wote mlio hapa, nani aliyetoka tumbo moja na Alapati? Hakuna. Ni huyu. Mchukueni huyu."

"Masina, mwanamke hajawahi—" mzee yule akaanza.

"Jina tulimpa asiyewahi kuuguza hata kuku. Leo ndiyo mnakumbuka ya 'hajawahi'?"

Nilifunga shuka kiunoni, likafunguka, nikalifunga tena. Sikuwa na ujasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinitosha kupanda nyuma ya gari la wazee.

Mvua ilikuwa inanyesha Matautea. Nyumba ya Sinapati ina taa, watu wamejaa, mwili umelazwa katikati. Nilipiga magoti kwenye tope mbele ya ngazi, Faalogo nyuma yangu pamoja na wazee, mabegani kuni za kutuchoma wakitaka. Wakanifunika. Chini ya mkeka kulikuwa na harufu ya majani yaliyokaushwa kwa jua, na nilifikiri, Mungu wangu, nitakufa ndani ya kazi yangu mwenyewe.

Sikuona chochote. Nilisikia wimbo wa maombolezo ukikatika. Nilisikia miguu ya vijana, na panga likikwaruzwa kwenye jiwe. Mtu akasema, "Umbo hilo ni dogo. Seumanuvai ni mnene." Jiwe la kwanza lilinipita. La pili lilinipata begani, nikauma mdomo nisilie. Faalogo alipigwa pia, nilimsikia akiguna, lakini hakusogea, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife, hata kama simsamehei mengine.

Kulipopambazuka mtu akashuka ngazi. Mkeka ukainuliwa upande mmoja. Alikuwa Sinapati mwenyewe, nywele zimemwagika, nguo za jana. Tuliimba kwaya moja kabla hajaolewa kule.

"Fuatino?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

Nyuma yangu Faalogo akakohoa. Nilijua analotaka niseme. Shinikizo la damu.

"Amekimbia," nikasema. "Amepanda feri ya kwanza. Nilikwenda kumwamsha nikakuta hayupo."

Mvua ilikuwa inamchirizika usoni nami sikujua yapi ni machozi.

"Kwa hiyo umekuja kufa badala yake."

"Ndiyo."

"Na nikikuua wewe, Lanuola atapata nini? Na yeye huko aliko atapoteza nini?"

Kisha akaushusha mkeka, akanifunika tena, taratibu, kama mtu anavyofunika chungu, akapanda ngazi akarudi kwa mwanawe.

Tulikaa pale mpaka jua la utosi. Mvua ilikatika ikarudi. Magoti yaliacha kuuma, kisha yakaacha kuwa yangu. Hatimaye mzee wa ukoo wao, babu wa binti, akatoka na fimbo ya msemaji, akauondoa mkeka kabisa, akasema ya kusemwa: kwamba mmejishusha, kwamba Mungu ameona, kwamba damu imefunikwa, ingieni mle. Tukaingia. Kava ikanywewa. Mkeka wetu ukakunjwa ukawekwa upande wao. Wazee wakapeana mikono.

Sinapati hakuinua macho.

Januari 13

Wamemzika Lanuola. Hatukwenda, si mahali petu. Upepo ulileta sauti ya kwaya.

Januari 15

Polisi wamekuja kupima gari. Wanasema watawasiliana na Auckland. Yule mdogo wao akaniuliza kama tunajua anakoishi. Nikampa anwani yote, na jina la mtaa, na rangi ya mlango.

Januari 20

Mvua. Bega bado.

Februari 2, Jumapili

Alapati amempigia Faalogo, si mimi. Faalogo akaniletea simu mbio mbio kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Dada. Asante. Nimesikia mmeyamaliza vizuri."

"Nani amekwambia vizuri?"

"Baba mdogo. Anasema wamepokea. Kimila limekwisha. Dada, ungenielewa. Ningefungwa. Nina watoto huku. Wakili amesema nisiseme chochote."

"Basi usiseme," nikasema, nikamrudishia Faalogo simu yake.

Februari 11

Mafuriko. Mkondo umemeza vigingi vyote vya Graham. Hiyo ndiyo habari njema pekee ya masika haya.

Februari 27

Ukoo umekutana. Nilidhani wamekutana kumvua jina. Ndivyo wote walivyonong'ona njiani. Nikapanga vikombe kwa furaha.

Faalogo akasimama. Akasema maneno marefu juu ya mawimbi na mwamba. Kisha akasema kumvua mtu jina ni kuitangazia wilaya aibu yetu, na aibu tumeshaifunika kwa mkeka. Akasema Seumanuvai ameahidi kuezeka upya kanisa. Wote wakaitikia.

Nikasimama na birika mkononi. Mwanamke hasemi pale. Nikasema, "Walioifunika aibu hiyo ni mimi na Shangazi. Hatukusuka ili yeye ajifunike."

Hakuna aliyenikemea. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Faalogo alisema kwa upole, "Maneno yako yamesikika, mwanangu. Wamiminie chai."

Nikawamiminia. Sitaandika kwa nini. Niliwamiminia.

Machi 9, Jumapili

Huwa kanisani wanasoma majina ya waliotoa na walichotoa. Leo la kwanza lilikuwa Seumanuvai wa Fagaloto. Watu wakapiga makofi. Mke wa mchungaji akageuka akanitabasamia. Shangazi akasema kwa sauti iliyosikika hadi madhabahuni, "Nani huyo? Seumanuvai amelala mbele ya nyumba yetu."

Machi 18

Shangazi hali vizuri. Anaomba tuanze mkeka mwingine. Nimemwambia mvua ikiisha.

Aprili 5

Nilikwenda soko la Salelologa kuuza magimbi. Sinapati alikuwa meza ya pili na mashada ya ndizi. Hapakuwa na njia ya kukwepa. Nikamwamkia.

Alimaliza kupanga ndizi zake. "Mzee wetu amesamehe," akasema. "Mimi sikuulizwa."

"Najua."

"Watu wote wananiambia limekwisha. Mchungaji, polisi, mama mkwe. Kila mtu ananiambia limekwisha."

"Mimi sikwambii."

Akanitazama, macho makavu. "Basi usiniamkie tena, Fuatino. Sikuchukii. Ila nikikuona naona mgongo wako kwenye lile tope, na ninamtaka yeye."

Nikamwambia sitamwamkia. Nikahamisha magimbi yangu upande wa pili wa soko. Hayakununuliwa sana.

Aprili 12

Asubuhi kavu, ya kwanza. Nimeanika matandiko yote.

Jioni Alapati akapiga, safari hii kwangu. Sauti imechangamka. Alimuulizia Shangazi, akauliza kama tangi bado linashika maji. Kisha akasema anafikiria kuja Desemba na watoto, waione wilaya ya babu yao. Mambo yameshatulia, sivyo?

"Njoo," nikasema.

"Kweli, dada?"

"Njoo. Ukishuka feri usije hapa kwanza. Nenda Matautea, mbele ya ngazi za Sinapati. Piga magoti mchana kweupe, bila mkeka, watoto wako wakikuona. Akikwambia inuka, inuka uje nyumbani, nitakuwa nimepika. Asipokwambia, kaa hapo hapo."

Nilisikia televisheni nyuma yake, na mtoto akiuliza kitu kwa Kiingereza.

"Dada, hii simu inakatikakatika," akasema. "Sikusikii."

Mimi nilikuwa namsikia vizuri.